Zamani Tulipalia Moto, Leo Twaomba Mtandao

Wasomaji wenzangu wa umri wangu, hasa waliokulia Mji wa Kale wa Mombasa au katika mitaa ya Lamu, hapana shaka watalikumbuka jambo hili. Alfajiri ukiamka na kukuta jiko limezimika, mama hakuhangaika kutafuta kiberiti. Alikukabidhi kifuu cha nazi na kukuambia, "Nenda kwa jirani ukapalie moto." Ukaenda, ukapiga hodi, ukaamkia, ukatiwa makaa mawili matatu, nawe ukarudi mbio ukipuliza njiani yasije yakafa. Jiko la jirani halikupoa kwa hayo makaa matatu, wala sikupata kusikia mtu aliyewahi kudaiwa kaa la moto.

Jambo hilo nilikuwa nimelisahau miaka mingi. Lililonikumbusha ni safari yangu ya Kitale na Bungoma mwezi wa Agosti mwaka 2024, safari ambayo sababu yake hasa ilikuwa mirathi.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliondoka Mombasa akiwa kijana akaenda kufungua duka la nguo Bungoma. Si ajabu kwa mtu wa pwani kufika huko. Misafara ya wazee wetu ilikuwa ikipiga kambi Mumias, kwa Nabongo, kabla reli haijajengwa, na ndiyo maana hadi leo ukifika Mumias utasikia adhana kama uko kwenu. Mjomba alioa mara mbili. Mke wa kwanza walizaa watoto watatu, na wote wako mbali: wawili Mombasa na mmoja Muscat. Mke wa pili hakujaaliwa mtoto, lakini ndiye aliyekaa naye Bungoma mpaka siku ya kufa kwake. Huyu ndiye mkaza mjomba wangu, na ndiye mwenye kisa hiki.

Watoto walitaka nyumba ya Bungoma iuzwe ili kila mmoja apate fungu lake. Sitawalaumu, kwani sheria imewapa haki yao, na mjane naye ana thumni yake kwa kuwa marehemu aliacha watoto. Lakini mkaza mjomba alikuwa na neno moja ambalo alilikariri tangu matanga yalipoanuliwa: kwamba nyumba ile si yote ya marehemu. Mwaka 1987 aliuza mikufu na bangili zake za dhahabu, na fedha zile zikaingia katika kununua kiwanja. Mjomba akamwandikia waraka kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama walivyozoea wazee wetu, akakiri kwamba theluthi ya kiwanja ni ya mkewe. Basi kama waraka ule ni sahihi, theluthi hiyo haiingii katika mirathi hata kidogo. Ni mali yake, haigawanywi na mtu.

Kesi ilikuwa mbele ya Kadhi katika mji mmoja wa pwani. Mkaza mjomba amepita miaka sabini na magoti yake hayamruhusu kukaa ndani ya basi usiku kucha. Bahati ni kwamba tangu janga la korona la mwaka 2020, mahakama za Kenya zimezoea kusikiliza kesi kwa njia ya video, na mahakama za Kadhi, ambazo zimetajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, hazikubaki nyuma. Tuliambiwa tuutume waraka kwanza kwa barua pepe, kisha siku ya kesi tuuonyeshe katika kioo ili kila mtu auone na mwenyewe aulizwe habari zake. Kwa simu peke yake kazi hiyo haifanyiki vizuri. Maandishi ya miaka thelathini na saba yamefifia, na macho ya mkaza mjomba yamefifia zaidi. Ilitakiwa kompyuta yenye kioo kikubwa, na kompyuta nilikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtandao.

Nilikuwa nimefikia kwa ndugu yangu Kitale. Mji wenyewe uko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi humfanya mtu wa pwani avae kila alichokuja nacho. Mahindi wakati ule yalikuwa yamesimama marefu pande zote, kwani mavuno huko huanza Oktoba. Waraka nilikuwa nimeuchukua Bungoma juma moja kabla, nikaupeleka kwa binti mmoja mwenye kiduka cha kutoa nakala karibu na soko, akaupiga picha kwa skana na kuutia katika kompyuta yangu. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani, nikanunua gigabaiti mbili za mtandao katika simu, nikafungua ile sehemu ya kuigawia kompyuta, nikainuka kwenda kunywa chai.

Niliporudi, gigabaiti zote mbili zilikuwa zimekwisha na waraka haujaondoka.

Nilidhani nimeibiwa. Nikarudi kwa yule binti nikiwa na maneno mengi mdomoni, naye akacheka kwa adabu. "Mzee," aliniambia, "hakuna aliyekuibia. Kompyuta yako ndiyo iliyokula." Kisha akanieleza, na maelezo yake nayaleta hapa kwa sababu najua wako wengi wenye kompyuta waliopatwa na hayo wakanyamaza kwa haya.

Simu inapogawa mtandao inafanya kazi ya mtu wa katikati. Upande mmoja inazungumza na mnara wa kampuni, ambao pengine uko kilomita kadhaa, na upande wa pili inazungumza na kompyuta iliyo hatua chache tu. Kampuni haioni kompyuta. Inaona simu moja tu, mteja mmoja. Kompyuta ikiomba kitu, simu hulipokea ombi, huligonga muhuri wa anwani yake yenyewe, hulipeleka, na jibu likirudi hukumbuka ni nani aliyeomba na kumpa. Ni mfano wa karani wa forodhani ambaye mizigo yote huja kwa jina lake, lakini daftarini mwake imeandikwa huu ni wa fulani na huu ni wa fulani. Simu za Android zilipata uwezo huu mwaka 2010 kwa toleo lake la 2.2, na mwaka uliofuata iPhone nayo ikaanza kugawa kwa waifai. Kabla ya hapo mwenye kompyuta ya kubebeka alinunua kile kidude cha kuchomeka ubavuni kilichoitwa modemu, na wengi bado tunavyo makabatini.

Sasa, kompyuta haina habari kuwa waifai ile inatoka katika simu ya mtu aliyehesabu shilingi zake. Inadhani iko ofisini ambako mtandao hulipiwa kwa mwezi na kutumiwa bila kupimwa. Basi hujichukulia: huteremsha programu mpya, husawazisha picha, hujipamba. Dawa yake ni kuiambia, katika mipangilio yake ya mtandao, kwamba njia hii ni ya kupimwa. Ni kibonyezo kimoja tu. Binti alikibonyeza, tukanunua bando nyingine ndogo, waraka ukaondoka kabla sijamaliza kusoma bismillahi. Akakataa malipo ya ziada. Alinionya pia niweke nenosiri, kwani kumbe nilikuwa nimegawa wazi, na kijana yeyote aliyekuwa nje ya dirisha la ndugu yangu angeweza kunisaidia kuimaliza ile bando, na kila alichofanya humo kingehesabiwa kuwa kimetoka kwangu. Hapo kaa la moto na mtandao hutengana kidogo. Kaa likitoka jikoni kwako halirudi kukushitaki.

Nikateremka Bungoma siku moja kabla ya kesi, kwa matatu, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Ulikuwa mwaka wa shufwa, na Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa. Njia nzima tulipishana na vijana wanaojiandaa, wakikimbia na umati nyuma yao, mikononi wamevaa bangili na kuzigonga juu ya chinyimba, yale makengele ya chuma ambayo mlio wake unausikia kabla hujaona mtu. Kijana hupita kwa jamaa zake kuwaalika, na lazima afike kwa khocha, yaani ndugu wa mamake, ambaye humvisha shingoni kipande cha nyama kiitwacho luliki. Abiria mwenzangu alinieleza hayo yote kwa furaha, kwani mwanawe mwenyewe alikuwa katika zamu. Msomaji ayaweke akilini mambo ya khocha, yana sehemu yake katika kesi ya Kadhi.

Kesi ilipangwa saa nne za asubuhi. Saa mbili unusu umeme ukakatika. Nikajaribu simu yangu: ndani ya nyumba ile yenye kuta nene, laini yangu haikuwa na nguvu ya kutosha hata kwa barua, seuze video. Nikaiweka dirishani, nikaiweka juu ya kabati, nikatoka nayo uani kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo. Hapakuwa na kitu. Mkaza mjomba alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa buibui lake jipya, ameketi kitini mbele ya kompyuta iliyofungwa, tasbihi mkononi. Hakuniuliza neno. Ingekuwa afadhali angeniuliza.

Kwa nyumba ya pili anakaa kijana wa Kibukusu, mwanafunzi wa chuo, ambaye alikuwa nyumbani kwa ajili ya tohara ya mdogo wake. Alituona tunavyohangaika akaja. "Kukhu, shida ni gani?" akauliza. Kukhu ni bibi kwa lugha yao, na ndivyo alivyomwita mkaza mjomba tangu alipojua kusema. Nilipomweleza, alitoa simu mfukoni. "Tumieni yangu. Laini yangu hapa inashika vizuri, na niko na bando ya wiki."

Nikasita. Nilikuwa nimeshajua video hutafuna kiasi gani, pengine gigabaiti nzima kwa saa, na najua bando ya mwanafunzi si maji ya mvua. Nikataka kumlipa papo hapo. Mkaza mjomba akanikata jicho. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba miaka mingi kabla ya gesi kuingia nyumba zile, mama wa kijana huyu alikuwa akija kwake asubuhi kuchukua makaa, na yeye akienda kwao jioni. Ndipo nilipokikumbuka kile kifuu.

Kijana hakutumia waifai. Alitoa waya wa chaja, upande mmoja akauchomeka katika simu na upande wa pili katika kompyuta, akabonyeza sehemu ya kugawa kwa njia ya waya. Nenosiri halikuhitajika, kwani anayetaka kuiba lazima kwanza aukamate waya. Faida yake nyingine, na kwa siku isiyo na umeme ndiyo kubwa, ni kwamba simu inayogawa mtandao hula chaji upesi na kupata moto, lakini kwa waya kompyuta inailisha simu huku simu inailisha kompyuta. Iko na njia ya tatu, ya blutuuthi, ambayo hula chaji kidogo lakini ni ya polepole. Kwa kupeleka barua inatosha, kwa kumwona Kadhi haitoshi. Simu akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali ilipokamata mnara vizuri zaidi, na waya ukavuka chumba kama kamba ya kuanikia.

Saa nne na dakika chache tukamwona Kadhi. Tukawaona pia watoto wa marehemu, wawili wakiwa wameketi pamoja Mombasa na yule wa tatu akiwa peke yake Muscat, nyuma yake pazia. Mkaza mjomba akasogea akakitazama kioo. "Kadhi yuwanisikia?" akaniuliza kwa sauti ya chini, na Kadhi akajibu mwenyewe kwamba anamsikia, na akamwamkia.

Hapa nisimame kidogo. Sauti ya mtu wa Muscat ilifikaje chumbani mle? Kwanza ilipita chini ya bahari. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilikuwa ikitegemea mitambo ya setilaiti, mtandao ukawa ghali na mzito. Juni mwaka huo waya wa TEAMS ukafika Mombasa kutoka Fujairah, kwenye Ghuba ya Oman, na Julai waya wa SEACOM ukaanza kazi. Kwa hiyo maneno ya huko Arabuni hutua kwetu Mombasa kwanza ndipo yapande bara, kama yalivyotua majahazi ya kaskazi, na mizigo yake ikapanda bara vichwani mwa wapagazi. Wa Bungoma na Kitale wakikwambia mtandao umefika kwao, waulize umepitia wapi.

Turudi kwa Kadhi. Nilifungua waraka, nikaukuza mpaka kila herufi ikawa kubwa kama kidole. Kadhi aliutazama kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alimtaka mkaza mjomba ausome mwenyewe, kama anaweza.

Msomaji aelewe kuwa mkaza mjomba hajui kuandika jina lake kwa herufi za Kirumi. Benki huweka kidole gumba. Watoto wa marehemu walimjua hivyo, nami nilimjua hivyo, na siku zote katika mazungumzo ya familia alihesabiwa miongoni mwa wasiosoma. Akavaa miwani yake, akasogeza kiti. Akaanza kusoma mwandiko wa mumewe kutoka kulia, taratibu, kwa sauti isiyotetemeka, tarehe ya Kiislamu kwanza, kisha jina lake na jina la babake, kisha idadi ya mikufu.

Alipofika kwenye bangili, kioo kikaganda. Mdomo wa Kadhi ukabaki wazi kidogo na yule wa Muscat akabaki amefumba macho. Nje dirishani simu ilikuwa ikilia.

Alikuwa khocha. Alikuwa akiuliza mdogo wake atafika saa ngapi na amekuja na watu wangapi. Simu ya kijana ilikuwa na laini mbili, na kwa simu nyingi za namna hiyo, laini ya pili ikipokea mlio, mtandao wa laini ya kwanza husimama mpaka mazungumzo yaishe. Hata yenye laini moja, pengine mnara huishusha kwenye mtandao wa zamani ili kuchukua sauti, na video ikafa. Binti wa Kitale alikuwa ameniambia wazi kwamba kabla ya jambo la maana niitoe kadi ya pili, na simu za kawaida nizielekeze kwingine. Nilikuwa nimesahau. Lawama ni yangu, si ya khocha, ambaye alikuwa na haki ya kuuliza habari za mpwawe siku kama ile.

Kijana aliomba radhi mara tano huku akiitoa kadi kwa pini ya mtandio wa mkaza mjomba. Barabarani wakati uleule wakapita watahiriwa na chinyimba zao, na mtaa mzima ukawaitikia. Nilihesabu dakika sita. Nilikuwa nimekwisha kumwona Kadhi akifunga faili, watoto wakisema mama ameshindwa kusoma, nyumba ikipigwa mnada. Tulipoingia tena na karani akatufungulia, nilimkuta Kadhi amekaa vilevile. Akasema, "Ulikuwa umefika kwenye bangili, mama."

Akaendelea kutoka hapohapo. Alipomaliza kulikuwa na kimya, na sikujua kama ni kimya cha watu au mtandao umeganda tena. Kisha yule wa Muscat akasema kwamba huo ni mwandiko wa baba, anaujua kwa barua alizokuwa akimwandikia. Wenzake hawakukubali wala hawakukataa. Kadhi akaagiza waraka asili ufikishwe mahakamani mkononi, si kwa picha, akapanga tarehe nyingine ya kusikiliza mashahidi. Nyumba haijauzwa, wala haijaokoka.

Mchana nilimwendea kijana na fedha za bando. Alikataa, nami nikaona nikizidi kushikilia nitamvunjia heshima. Mkaza mjomba alijua njia bora. Alikaanga mahamri, akayapanga katika sahani, akayafunika kwa kitambaa na kuyapeleka mwenyewe kwa magoti yake yale. Jioni sahani ikarudi na mayai sita juu yake, kwani huko nako sahani ya jirani hairudi tupu.

Kijana akaja pia kuaga, maana chuo kilikuwa karibu kufunguliwa. Alisema simu yake ya zamani atamwachia mamake, na siku ya tarehe ya pili itawekwa dirishani kwao, waifai yake itafika hadi huku bila waya. Akaliandika nenosiri ukutani karibu na meza, kwa kalamu. Nilifungua mdomo kumwambia kuwa nenosiri haliandikwi ukutani, nikaufunga. Mkaza mjomba alinitaka nimsomee herufi moja moja. Nikasoma, naye akachukua kalamu akaliandika chini yake kutoka kulia, kwa herufi anazozijua.